Madebe Tisa Chini ya Wingu

Siku ya Alhamisi Nkandu Musenge aliamka akatazama juu kabla ya kutazama chini, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka miwili, na kwa siku ya tano mfululizo hakuona kitu. Mbingu ya Chibwe ilikuwa imejifunika shuka moja zito la kijivu, na manyunyu yalidondoka bila haraka, kama kibarua anayelipwa kwa siku. Kwa Januari hilo halikuwa jambo la ajabu. Kilichokuwa kibaya ni kwamba mzee Pascal Lombe alikuwa amekufa, angezikwa leo saa tisa, na unga wa kuwalisha wazikaji mia tatu ulikuwa bado ni mahindi.

Yalikuwa madebe tisa. Yalikusanywa jana jioni, sahani kwa sahani, nyumba kwa nyumba, yakapangwa ndani ya kibanda cha mashine ya ushirika, ambayo mwendeshaji wake alikuwa Nkandu. Unga wa msiba husagwa kwanza na husagwa bure; juu ya hilo Wabemba wa Chibwe hawakuwa na mjadala. Mtu wa mbali angeuliza kwa nini wanawake wasitwange tu. Maiti akiwa hajazikwa, mchi haugusi kinu: ni mwiko, na hata mlevi wa kijiji aliuheshimu. Mashine ya kusaga wahenga hawakuitaja, kwa kuwa hawakuiona, na kwa hiyo ilihesabiwa halali. Mtu huyo huyo wa mbali angeuliza kuhusu unga wa dukani. Maduka yalikuwa kwenye lami, kilomita ishirini na mbili za tope, na tangu Krismasi yalikuwa yakiuza chumvi na pole.

Ilibaki mashine, na mashine ile ilikula jua.

Ilikuwa mota ndani ya kibanda cha matofali kando ya barabara, nyundo za chuma ndani ya tumbo la chuma, na nje paneli ishirini na nane zilizoelekea kaskazini kwa utulivu wa waumini. Haikuwa na betri. Betri, walisema waliokuja kuifunga, zingegharimu kuliko vyote vingine vikijumlishwa, na tena hufa baada ya miaka michache, wakati jua lenyewe halifi. Hoja hiyo ilipitishwa kwa makofi mwezi wa tisa, mwezi ambao Chibwe haikumbuki kuona wingu.

Kabla ya hapo, aliyesagia kijiji alikuwa marehemu. Injini yake ya dizeli ilisikika vijiji vitatu na moshi wake ulionekana vinne. Nkandu aliingia kwake akiwa na miaka kumi na tisa, mjane wa miezi minne, akaomba kazi ya kufagia. Mzee Lombe alimwachia ufagio wiki mbili, kisha akamnyang'anya na kuanza kumfundisha: kusikia mkanda unapolegea, kupima joto la unga kwa mgongo wa kidole, kujua kwa mlio tu kwamba chekeche limetoboka. Alikaa naye miaka kumi na miwili. Siku ambazo dizeli haikuwapo zilikuwa nyingi, maana iliagizwa kwa baiskeli, katika madumu ambayo kwa namna isiyoelezeka hufika yamepungua. Siku hizo wanawake walitwanga, na mzee Lombe aliketi mlangoni akiwaambia dizeli iko njiani. Maisha yake yote dizeli ilikuwa njiani.

Ushirika ulipopata mashine ya sola ulitafuta mtu anayejua kusaga. Walikuwapo wawili. Mmoja alijibu kwamba jua ni la kukaushia mihogo. Mwingine alikubali.

Mzee hakumsemesha mwaka mzima. Wateja wake walihama kimya kimya, wakiwa na aibu kidogo na madebe kichwani. Unga wa sola ulikuwa wa nusu bei na haukunuka mafuta. Misimu miwili hiyo mvua zilikatika. Mabwawa ya umeme yalikauka huko kusini, jamaa wa Kitwe wakawa wanapata taa saa nne kwa siku, na Chibwe, ambayo haikuwahi kuona nguzo ya umeme, iliendelea kusaga. Kwa mara ya kwanza walipata mtu wa mjini wa kumhurumia, na walimhurumia kwa raha sana.

Basi Oktoba iliyopita mzee Lombe, ambaye kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua, alikuja kwenye mkutano wa ushirika na kusema yuko tayari kuwauzia injini, wawe nayo kwa siku za mvua.

"Jua ni mgeni," alisema. "Mgeni halali kwako miezi kumi na miwili."

"Na dizeli, baba?" Nkandu aliuliza. "Hiyo nayo ni mwenyeji?"

"Dizeli najua inakotoka."

"Inakotoka unajua. Inafika lini ndiyo hatujawahi kuambiwa."

Watu walicheka. Kicheko cha watu ni pombe, na Nkandu alikunywa. "Mimi jua halijaninyima hata siku moja," alisema. Kwa misimu miwili ya ukame hilo lilikuwa kweli tupu. Jua lilikuwa halina mpinzani. Kisha akaongeza, kwa sababu watu walikuwa bado wanacheka: "Jua hili, mzee wangu, litakuzika wewe na injini yako."

Oktoba ilikuwa mzaha. Injini haikununuliwa. Jumanne usiku mzee Lombe alifia hospitali ya wilaya, na Jumatano asubuhi sentensi ile ilikuwa imeshakunywa chai katika kila nyumba.

Hakuna aliyemwambia kitu usoni. Walileta mahindi, wakasalimia, wakaweka sahani chini taratibu kuliko ilivyohitajika. Mwanamke mmoja aliuliza kama mawingu haya yataondoka lini, kwa sauti ya mtu anayemuuliza mwenye mawingu. Nkandu alielewa hesabu yao vizuri, kwa kuwa angekuwa wao angeipiga vile vile. Alimnyang'anya mzee kazi. Akamkatalia kuuza injini. Akamtajia kaburi hadharani. Sasa mzee kafa, na wazikaji wake watalala na njaa kwa sababu mashine ya mwanamke huyo huyo imeamua kupumzika. Neno la kumwita mtu wa namna hiyo lipo katika kila lugha, na likishatamkwa pembeni ya kaburi haliondoki na mvua.

Saa moja asubuhi aliwasha. Ukutani kulikuwa na kisanduku chenye namba nyekundu kilichopima nguvu ya jua kwa lugha ya mota. Hamsini lilikuwa jua la Oktoba. Chini ya thelathini na tano nyundo hazipigi, hupapasa. Leo kilisoma kumi na tisa.

Akavua chekeche la unga akaweka lile la matundu makubwa, la chakula cha kuku, ili mashine ipate kazi nyepesi. Namba ilipopanda hadi ishirini na saba alilisha konzi moja, akangoja, akalisha nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni: ukiizidishia, mota inakabwa, kisanduku kinakata, na kikikata hukaa dakika kumi kikitafakari kabla ya kukubali tena. Kufikia saa tatu na nusu alikuwa na debe moja la chenga ambazo mtu angeweza kuzihesabu. Kisha namba ikashuka hadi kumi na nne na nyundo zikasimama.

Injini ya dizeli ilikuwa nyuma ya nyumba ya msiba, imefunikwa turubai. Hakuna aliyeitaja. Mali ya marehemu haiguswi mpaka arithiwe, na mrithi, Kabaso, mtoto wa dada yake, asingesimikwa kabla ya msiba kufungwa. Hata ingeguswa, dizeli ilikuwa njiani.

Kabaso mwenyewe alikuja saa nne, amevaa viatu vya Kitwe vilivyokwisha kujuta. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mama anasalimia," alisema. Mama yake, Mama Chipili, alikuwa dada pekee wa marehemu, na yeye ndiye msiba. Aliloamua yeye ndilo lililokuwa limeamuliwa. "Ametangulia wilayani kuchukua mwili. Chumba cha maiti kule umeme wenyewe wa mgawo, wamesema usikae. Watafika mchana. Anasema watu wale saa saba."

"Saa saba," Nkandu alirudia.

"Amesema pia yeye hana neno."

"Hana neno juu ya nini?"

"Hakusema juu ya nini. Alisema niseme hana neno."

Akaondoka akichagua pa kukanyaga. Nkandu angependelea matusi. Mtu mwenye neno hulisema likaisha. Asiye na neno anaanza kulitafuta.

Wanawake watatu walibaki chini ya upenu wakingoja madebe yao ya unga wayapeleke msibani. Walikuwa wakizungumza, na kila alipowasogelea mazungumzo yakawa ya viazi.

Aliyefuata kufika hakuhitaji kutangazwa. Lameck Jere alikuwa mstaafu wa reli, Mngoni aliyepangiwa kazi huku miaka thelathini iliyopita na kusahau kurudi kwao. Siku za kawaida alikuwa mzee mpole mwenye bustani ya kabichi. Siku za msiba wa Mbemba alikuwa mtani, na mtani hana upole. Babu zake walikuja kuiteka nchi hii, babu za Chibwe wakawatimua, na deni hilo la vita wajukuu hulipana kwa matusi makaburini. Alikuwa amevaa koti la mvua la reli nje ndani na ungo uliotoboka kichwani.

"Mama wa mawingu," alisema. "Habari za kazi?"

Wanawake chini ya upenu wakaviacha viazi vyao.

"Niache, Mngoni."

"Nikuache vipi na mimi nimekuja kushukuru? Nasikia umemfunga Lombe kwa wingu. Kazi safi. Ila umelifunga mno, mama, suruali yangu haikauki tangu Jumapili. Lilegeze kidogo."

Mwanamke mmoja alipaliwa na kicheko akakigeuza kikohozi. Nkandu hakucheka. Alikuwa ameusikia uvumi wake mwenyewe kwa mara ya kwanza ukisemwa kwa sauti, mchana, na mtu aliyevaa ungo, na hakuwa bado amejua kama hilo lilikuwa afadhali au ndiyo mwisho wake.

"Unajua kusaga?" alimuuliza, kwa kukosa jingine.

"Nimeongoza treni za shaba kwenda Dar es Salaam. Unga utanishinda?"

Saa tano na robo wingu lilipasuka.

Halikutoa taarifa. Upande wa mashariki shuka lilichanika kama nguo kuukuu inavyochanika, kwa mstari mmoja mrefu, na jua likaanguka juu ya paneli zilizolowa mpaka zikafuka mvuke. Nkandu alikuwa ameshaingia ndani. Ishirini na nane. Thelathini na sita. Alifungua parafujo za chekeche kubwa, akarudisha dogo. Arobaini na tatu. Mpasuko ule, alikadiria, ulikuwa na upana wa dakika arobaini, labda zaidi kidogo, na nyuma yake shuka jingine lilikuwa linakuja likiwa zima. Nusu saa ya jua kamili ni madebe sita, saba ukijua kulisha. Akainua debe la kwanza.

Ndipo honi ikalia barabarani.

Gari la maiti likiingia kijijini, aliye shambani huangusha jembe, aliye njiani huketi pale pale alipo, na hakuna mkono unaofanya kazi mpaka mwili upite. Wanawake watatu walikuwa wameshaketi kwenye tope. Nkandu aliweka debe chini. Alizima mota, ambayo namba yake ilikuwa arobaini na nane, akatoka, akaketi mlangoni, miguu mbele, kichwa chini. Hakufikiri. Angefikiri, labda angesaga, na hapo wasingehitaji tena kunong'ona.

Lori dogo aina ya Kanta lilikuja polepole, limebeba jeneza na kina mama wakilia. Itapita, aliwaza. Dakika mbili. Dakika tatu.

Dereva alikuwa wa mjini na hakujua kwamba shimo lililo mbele ya kibanda cha mashine lina jina lake na historia yake. Magurudumu ya nyuma yalizama hadi kwenye ekseli. Injini ikavuma, tope likaruka, gari likakaa.

Basi mwili haukupita. Ulikuwa hatua thelathini kutoka kwa Nkandu, na juu yake, ameegemea jeneza, alikuwa Mama Chipili, kitambaa cheusi kichwani, akimtazama. Waliokuja na maiti ndio pekee walioruhusiwa kusukuma, na wanaume kati yao walikuwa wanne, mmoja wao katekista. Chibwe nzima ilikuwa imeketi barabarani ikilitazama jua lake la kwanza katika siku tano likianguka bure juu ya paneli ishirini na nane.

Ni mtani peke yake asiyeketi.

Jere alipita juu ya miguu ya Nkandu akaingia ndani. "Lombe," alipaza sauti kuelekea garini, "wameshindwa kukulisha hawa Wabemba walaji wa tumbili. Ngoja nikusagie mimi, usije ukafika huko na njaa ukasema kwetu sisi Wangoni hakuna ustaarabu." Swichi ikalia. Mota ikapanda, safi, mlio wa Oktoba.

Halafu akamimina debe zima.

Nkandu alisikia yote kwa mgongo. Alisikia nyundo zikizama kwenye mahindi kama magurudumu yale kwenye tope, mota ikiguna, na tiki ndogo ya kisanduku kikikata. Dakika kumi. Aliinua macho. Mama Chipili alikuwa bado anamtazama, na uso ule haukuwa na neno.

Ndani Jere aligongagonga kitu. "Imekufa," alisema. "Amekufa Lombe, imekufa na mashine. Nyumba hii ya misiba."

Kufanya kazi kulikuwa mwiko. Kumwelekeza mtu afanye kazi kulikuwa kazi. Nkandu aliyajua hayo. Alijua pia kwamba katika nchi nzima kulikuwa na kitu kimoja ambacho Mbemba yeyote aliruhusiwa kukifanya mbele ya maiti bila kuomba radhi, nacho ni kumtukana Mngoni. Kilichomkaba ni kwamba hakujua kama ruhusa hiyo ilimhusu yeye, leo, mbele ya mwanamke yule. Shuka la nyuma lilikuwa limesogea. Kivuli chake kilikuwa tayari juu ya shamba la mihogo ng'ambo ya barabara.

"Ewe mla panya," alisema, kichwa chini.

Barabarani vichwa vikamgeukia.

"Ndivyo mlivyotaka kuimeza nchi yetu, kwa debe zima? Ndiyo maana mlipaliwa mkakimbia. Bibi yako hakukufundisha kutapika? Kuna mlango mdogo chini ya tumbo, una kishikio chekundu. Vuta, utoe yote uliyokula kwa pupa."

Mahindi yalisikika yakimwagika sakafuni.

"Nimetapika," Jere alisema kutoka ndani. "Unaendelea kunitukana au umechoka?"

"Nitachokaje na wewe bado uko hai? Sasa kaa, usiguse kitu. Hesabu panya wote uliokula tangu Krismasi. Ukifika wa mia tano, tazama ukutani. Kama kuna namba, washa."

"Mimi siwezi kuhesabu wengi hivyo, mimi si mkusanya kodi."

"Hesabu. Jirani zako wana kumbukumbu, watakusahihisha."

Mtu alicheka kule barabarani, kisha wawili. Gari lilivuma likazama zaidi. Dakika zilipita, na Nkandu alizihesabu zote. Tiki.

"Arobaini na saba," Jere alisema.

"Washa. Konzi moja. Moja, Mngoni, kama unamlisha mama mkwe ambaye bado hajakukubali. Sikiliza. Sauti ikishuka, ngoja. Ikipanda, mpe nyingine."

Konzi ya kwanza iliingia, nyundo zikaipokea. Ya pili. Nkandu aliufunika uso wake kwa mikono na kusikiliza, na kila mlio ulipobadilika tusi lilitoka: mwendo wa kobe ulikuwa wa baba yake Jere, pupa ilikuwa ya mjomba wake, na mkono uliosahau kubadilisha gunia ulikuwa wa ukoo mzima mpaka mpakani Malawi. Jere alijibu kila moja. Unga ulikuwa unatoka, aliunusa.

Katika debe la nne kulikuwa na kitu kingine. Chini ya mlio wa nyundo kulikuwa na mlio mdogo, mkavu, kama mtu anayesugua kiatu kipya. Nkandu aliusikia, na kabla hajapata tusi lake sauti nyingine ilitoka juu ya gari.

"Mkanda unateleza," Mama Chipili alisema.

Kilio garini kilikatika. Mama Chipili hakuondoa mkono juu ya jeneza. Alikulia kwenye mashine ya kaka yake; kabla ya Nkandu ni yeye aliyekuwa akishika gunia.

"Mwambieni huyo mla panya," aliendelea, kwa sauti ile ile kavu, "kwamba masikio Mungu hakumpa kwa ajili ya kushikilia ungo. Mkanda umelegea. Kuna nati upande wa ukuta. Aikaze robo mzunguko, asiikaze kama anayefunga mpaka wa nchi."

"Nani huyo anayesema hivyo?" Jere aliuliza.

"Ni mimi, mwenye maiti, mjinga wewe. Kaza."

Alikaza. Mlio mkavu ukapotea. Nkandu aliondoa mikono usoni akamtazama Mama Chipili, na Mama Chipili akalitazama wingu.

"Konzi kubwa kidogo," mama alisema. "Linakuja."

Wakamwongoza wawili, mmoja mlangoni, mmoja kando ya jeneza, wakipokezana. Kivuli kiliingia barabarani, kikapanda juu ya watu walioketi, kikaanza na paneli ya kwanza upande wa mashariki. Jere alitaja namba kama alivyokuwa akitaja vituo: arobaini na mbili, thelathini na tisa, thelathini na sita. Walipofika thelathini na tatu, Nkandu na Mama Chipili walisema pamoja, "Zima."

Yalikuwa madebe sita na nusu. Jere mwenyewe angesema saba. Karibu na hapo Kanta ilitoka shimoni kwa mshtuko uliomwangusha katekista, ikapita, na Chibwe ikasimama na kupangusa makalio.

Watu walikula saa nane, si saa saba. Ugali wa unga laini walipewa wageni na wazee, na dagaa. Zile chenga za asubuhi walipewa watani, kama haki yao.

"Mmenipa chakula cha vifaranga," Jere alisema, akila.

"Umesaga wewe, na kuchagua nako uchague wewe?" mtu alimjibu, na kuanzia hapo hadithi ya siku ile ilikuwa yake: Mngoni aliyelisha mashine kama mama mkwe. Wale waliotaka kusimulia habari ya wingu lililofungwa waligundua kwamba Jere alishaisimulia vizuri zaidi, na suruali yake ndani. Kuirudia kwa uso mkavu kungemfanya mtu aonekane amekosa ucheshi.

Lakini ucheshi si hukumu. Baada ya maziko wanawake wa nyumba ya marehemu waliingia ndani kulala na msiba, na wengine walibaki uani. Nkandu alibaki uani. Hakuitwa, na hakutarajia. Alikuwa anajifunga kitenge aondoke Mama Chipili alipotokea mlangoni.

"Mkeka wako uko wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Unafanya nini nyumbani? Kaulete."

Aliuleta. Chumba kilikuwa kimejaa, wanawake wameegemea kuta, wengine wakinong'ona. Mvua ilikuwa imerudi na bati lilikuwa likiieleza kwa kirefu. Mama Chipili alimwonyesha nafasi karibu naye. Kisha alianza, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana.

"Ile injini Kabaso hana haja nayo. Akisimikwa tu ataiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Ameshawaulizia."

"Nilisema mbele ya ushirika hatuihitaji."

"Nilikuwapo. Ulisema na mengine."

Kule ukutani minong'ono ilipungua.

"Utarudi mbele yao," Mama Chipili alisema, "useme ulikosea. Usiseme jua ni baya. Nani atarudi kubeba madumu ya dizeli mwezi wa nane? Sema tu kwamba Januari ipo. Waichukue injini, uitunze wewe. Hakuna mwingine anayeijua zaidi ya mimi, na mimi magoti yamekwisha."

"Watanicheka, mama."

"Wacheke. Kaka yangu walimcheka miaka miwili, na hakufa kwa kicheko." Aliinua sauti kidogo, kiasi cha kufika ukutani na kurudi. "Wala hakufa kwa neno la mtu. Alikufa kwa kifua. Nilikuwa nimemshika."

Minong'ono ukutani ilikwisha. Mama Chipili alivua kitambaa chake, akakikunja mara mbili, akamwambia Nkandu asogee, kwa sababu mkeka wake ulikuwa umekalia nafasi ya watu wawili.